Lita Moja ya Petroli Imetoka Wapi?

Katika parkingi za pikipiki za Butembo na Beni hakuna neno litajwalo kwa uchungu kama neno "esanse". Bei yake ikipanda asubuhi, jioni nauli nayo imepanda. Na haupiti muda mrefu kabla maharagwe ya Lubero na unga wa muhogo uliosagwa kwa kinu cha mazutu havijafuata nyuma. Hata mama asiyepanda pikipiki kamwe hununua petroli kila siku: aipata ndani ya sahani ya unga. Basi watu huuliza, nao wana haki kuuliza: kwa nini lita ileile, iliyoshushwa kutoka meli ileile, iwe na bei moja Mombasa, nyingine Kampala, nyingine Kasindi, nyingine Beni, na nyingine kabisa huko Manguredjipa? Wengine hujibu upesi, "Ni wizi wa wafanyabiashara." Wezi wapo, nasi tutafika kwao. Lakini tuifuate kwanza lita moja katika safari yake, tujue ni nani aliyeongeza nini juu ya bei.

Nchi yetu ya Kongo huchimba mafuta yake yenyewe huko Muanda, karibu na bahari ya Atlantiki. Kijana aliyelisoma jambo hili shuleni aweza kudhani kwamba twanunua mafuta ya nyumbani. Sivyo. Mafuta ya Muanda ni mafuta ghafi, nayo huuzwa ng'ambo yakiwa ghafi. Kiwanda kilichojengwa kwa kuyasafisha kimeacha kazi hiyo siku nyingi. Petroli iliyo tayari hununuliwa nje, na kwa kuwa Kongo ni kubwa mno, huingia kwa milango mbalimbali. Kinshasa hupokea yake kwa upande wa Matadi. Lubumbashi hupokea kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Sisi wa Butembo na Beni twatazama mashariki: mlango wetu ni Kasindi, na bandari yetu ni Mombasa. Ndiyo sababu bei ya Kinshasa haiwezi kutufaa kuwa kipimo. Hatuchoti katika kisima kimoja.

Sasa lita yetu imefika Mombasa. Mpaka hapo imesafiri maelfu ya kilometa juu ya bahari, na bado nauli yake ni ndogo, maana meli moja huchukua makumi ya maelfu ya tani kwa safari moja. Kutoka Mombasa huingia katika bomba. Bomba hilo lilifika Nairobi mwaka 1978, na katika mwaka 1994 likaendelezwa mpaka Nakuru, Eldoret na Kisumu. Bomba halina utingo wa kulishwa, wala mpira wa kupasuka, wala halilali njiani kungoja mvua ipite. Basi kupitisha lita moja ndani yake ni rahisi.

Mambo hubadilika bomba linapokwisha. Mafuta hupakiwa katika malori, yakavuka mpaka wa Malaba au Busia, yakapita Kampala, kisha yakashika njia ndefu ya Kasese mpaka Mpondwe, ng'ambo ya mto Lubiriha. Tangu Mombasa hadi Butembo ni zaidi ya kilometa 1,600. Katika njia hiyo lori lenyewe hunywa mazutu, dereva hula, mipira huisha, na mwenye lori hudai faida ya mtaji wake. Mpakani kuna ushuru na kodi, na makaratasi ya namna nyingi. Na tukumbuke kwamba mafuta hununuliwa kwa dola, lakini kijana wa pikipiki hulipwa kwa faranga. Siku faranga inapolegea, bei hupanda katika kituo cha mafuta hata kama huko Mombasa hakuna kilichobadilika.

Enyi wanafunzi, chukueni kalamu. Tuseme lori lina lita 35,000, na kwamba kila siku linayolala mpakani au njiani lamgharimu mwenyewe dola 200. Likicheleweshwa siku tatu, ni dola 600. Gawanyeni kwa lita zote: haifiki hata senti mbili za dola kwa lita. Kumbe kuchelewa kwa lori kubwa, peke yake, si jambo la kupandisha bei sana! Sasa fanyeni hesabu ya pili. Tuseme kijana wa pikipiki amefunga bidoni nne za lita 20, jumla lita 80, akaelekea vijiji vya magharibi ya Butembo, njia ya Manguredjipa, katika tope. Tuseme pikipiki yake imekunywa lita 8 kwenda na kurudi. Lita 8 katika lita 80 ni moja katika kumi. Hajahesabu bado chakula chake, wala jasho lake, wala mnyororo uliokatika, na tayari sehemu ya kumi ya mzigo imeteketea.

Tazameni basi jambo hili, maana ndilo kiini cha maneno yetu ya leo. Katika safari ya petroli, kilometa za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Bahari kubwa yavukwa kwa senti chache, lakini kilima kimoja chenye utelezi hula faranga nyingi. Anayelipa zaidi ni yule akaaye mwisho wa njia mbaya, naye mara nyingi ndiye maskini kuliko wote. Ni kwa sababu hiyo watu wetu hufurahi wasikiapo habari ya barabara, wala si kwa ajili ya kujivunia lami tu. Mwaka 2021 Marais wa Kongo na Uganda walianzisha kazi ya barabara za kilometa 223: 80 kutoka Kasindi mpaka Beni, 54 kutoka Beni mpaka Butembo, na 89 kutoka Bunagana kupitia Rutshuru mpaka Goma. Kila kilometa inayotengenezwa vema ni punguzo la bei, ingawa hakuna anayelibandika kwenye ubao wa kituo cha mafuta.

Lakini barabara si udongo na mawe tu. Barabara ni amani pia. Wasomaji wa Beni hawahitaji kufundishwa jambo hili nasi. Tangu 2021 magari ya njia ya Kasindi yamepata kwenda kwa misafara, yakisindikizwa na askari. Katika mwaka uleule, tarehe 1 Septemba, msafara uliokuwa chini ya ulinzi ulishambuliwa huko Ofaye, njia ya Beni kwenda Komanda. Watu waliuawa na magari yakateketezwa. Mwenye lori akiyajua hayo, ataitoza njia hiyo bei ya woga wake, na dereva ataudai mshahara wa hatari. Nani atamlaumu? Upande wa kusini, vita vimeikata njia yetu ya zamani: Kanyabayonga ilitwaliwa na M23 mwezi Juni 2024, na Goma mwezi Januari 2025. Hata kabla ya hapo Goma ilikuwa na milango yake mingine, Bunagana na mpaka wa Rwanda. Basi miji miwili ya mkoa mmoja ina bei mbili, wala tusishangae.

Je, serikali haiwezi kusema, "Bei ni moja, basi"? Majirani wetu wamejaribu njia mbalimbali. Katika Kenya mamlaka ya nishati hutangaza bei ya juu kabisa kila mwezi, tarehe 14, mji kwa mji: Mombasa huwa chini, na Mandera, kule pembeni kabisa kaskazini-mashariki, huwa juu. Tanzania hufanya vivyo hivyo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mnaona kwamba hata serikali yenyewe, ipangapo bei, haiukani umbali. Huuandika katika hesabu. Uganda haipangi, kila kituo hujiwekea bei na kushindana na jirani. Katika Kongo yetu, Wizara ya Uchumi hupanga bei kwa kanda, Magharibi, Mashariki, Kusini na Kaskazini. Twaona ni jambo la haki kwamba kanda zatenganishwa. Lakini bei iliyoandikwa Kinshasa haiwezi kulisukuma lori lililokwama katika tope. Ikiwekwa chini mno kuliko gharama ya kweli, na serikali isiifidie tofauti, petroli hutoweka kituoni ikaonekana tena kwenye chupa za barabarani.

Kwa kuwa twachota pamoja na Waganda, mashaka yao huwa yetu pia. Mwezi Januari 2022 madereva wa malori waligoma huko Malaba na Busia kwa sababu ya kupimwa ugonjwa wa Korona kwa malipo. Msururu wa malori ukarefuka, na mahali pengine katika Uganda lita moja ilivuka shilingi 10,000. Hakuna kisima kilichokauka Arabuni siku hizo. Lango moja tu lilifungwa. Baadaye mwaka huohuo vita vya Urusi na Ukraina vilipandisha bei ulimwenguni kote. Msomaji akisikia katika redio habari ya mgomo wa Malaba, ajue kwamba habari hiyo yahusu mfuko wake yeye aliye Kyondo au Oicha.

Wengine huweka tumaini katika Ziwa Albert, ambako Uganda imepata mafuta. Mwezi Machi 2025 mkataba ulitiwa sahihi wa kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta huko Kabaale, wilaya ya Hoima, karibu nasi kuliko Mombasa mara nyingi. Lakini mkataba si pipa la petroli, na pikipiki yataka kunywa leo.

Haya basi. Bei ya lita hatuwezi kuitawala. Kinachobaki mkononi mwa dereva ni hesabu ya lita anazotumia, na hapo ana uwezo kuliko anavyodhani.

Tuanze na hewa. Butembo iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi: nguvu yake ni kama sehemu nne katika tano za ile ya pwani. Kabureta ya pikipiki nyingi hutoka kiwandani ikiwa imepimwa kwa nchi za chini. Ikiletwa kwetu, hewa ni pungufu lakini petroli yaja kwa wingi uleule. Mafuta hayaungui yote, moshi huwa mweusi, plagi huvaa masizi, nguvu hupungua, na dereva, badala ya kuirekebisha, huzidi kukaza mkono. Fundi ajuaye kazi yake hubadili kile kijitundu cha shaba apitiapo petroli, akaweka chembamba zaidi, au huirekebisha sindano. Ni kazi ya muda mfupi. Lakini anayeteremka Beni kila siku, mita 600 hivi chini, amwambie fundi mapema, asije akaibana kabureta mno hata mashine ikachemka kwa kukosa mafuta katika nchi ya joto.

Kisha mavumbi. Wakati wa kiangazi chujio la hewa la pikipiki ya njia ya Beni hujaa vumbi jekundu, na mashine isiyopumua hula bure. Lisafishwe kila wiki, wala si kila mwaka. Mpira uliolegea nao ni mwizi mpole: gari huwa kama linapanda kilima hata mahali pa tambarare. Mnyororo mkavu, breki inayogusa gurudumu bila kukanyagwa, mzigo uliowekwa juu ya kibanda cha gari ukapambana na upepo, vyote hivyo hutoza ushuru wao kimyakimya.

Na mteremko? Wengi huzima mashine au huondoa gia, wakaliacha gari lishuke lenyewe, wakisema wanaokoa petroli. Twasema wazi kwamba ni ujinga wa hatari. Gari bila gia halina breki ya mashine. Breki za miguuni hupata moto, zikashindwa, na huko chini kuna daraja na watoto watokao shule. Tena katika magari ya siku hizi ambayo mafuta hupulizwa kwa mtambo wa umeme, ukishuka na gia bila kukanyaga mafuta, mashine hujikatia petroli yenyewe. Ukiondoa gia, huanza kunywa tena ili isizime. Kwa hiyo mtu huyo amepoteza breki na petroli pamoja.

Mwendo wa haraka hula sana, lakini katika njia zetu mashimo yamekwisha kutufundisha hilo. Kinachotupotezea zaidi ni kukanyaga mafuta kwa nguvu na kufunga breki mara baada yake. Vivyo hivyo kuacha mashine ikinguruma wakati mzigo wapakiwa, au dereva anapozungumza na rafiki: motokaa iliyosimama yaweza kunywa nusu lita, hata lita nzima, kwa saa. Vijana wa pikipiki nao wazunguka mji wakitafuta abiria. Anayekaa parkingi akangoja zamu yake hupata abiria wachache pengine, lakini hesabu ya jioni yaweza kumshangaza, hasa akiwa ni mtu wa kumpelekea mwenye pikipiki fedha yake kila siku. Fedha hiyo haipungui siku ya mvua, wala bei ya petroli ikipanda. Kinachopungua ni ile ya kununulia watoto chakula.

Sasa tumefika kwa wezi. Kandokando ya njia wapo wauzaji wa chupa na bidoni, wale ambao Kongo nzima huwaita Kadhafi. Hatutaki kuwatukana. Wao huuza usiku vituo vikiwa vimefungwa, na huuza vijijini ambako kituo hakijawahi kujengwa. Wengi ni baba wa nyumba wenye faida ndogo. Lakini wamo wanaosukuma kitako cha chupa kikaingia ndani, au wanaochanganya petroli na mafuta ya taa. Wanafunzi, hesabu ya tatu: chupa iitwayo lita moja ina sehemu tisa tu katika kumi. Ukinunua chupa 20, umepata lita 18 na kulipa 20. Tazama basi: kwa kila lita tisa ulizopata umelipa kumi. Hakuna lori wala kilima kinachoweza kusingiziwa hapo. Ni wizi tu. Dawa yake si kugombana. Nunua chombo kimoja cha lita moja kilichopimwa kweli, ukae nacho, na umwombe muuzaji amimine humo mbele ya macho yako. Muuzaji mwaminifu atafurahi, maana utarudi kwake. Kuhusu mafuta ya taa, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama, iliyochanganywa huacha doa la mafuta.

Wako wanaosikia kwamba bei itapanda, wakajaza bidoni na kuzificha chini ya kitanda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango mpaka jikoni kwenye jiko la makaa. Mama hataona kitu chochote mpaka moto urudi ulikotoka. Akiba ya namna hiyo haina faida hata ikiwa bei imepanda kweli.

Na tukumbuke Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka jioni katikati ya kijiji, petroli ikamwagika. Watu wakaja na vyombo kuchota, wengine walikuwa katika nyumba za jirani wakitazama mchezo wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 230. Miaka tisa baadaye, mwezi Agosti 2019, Morogoro katika Tanzania iliona mambo yaleyale, na watu mia na zaidi wakafa. Lori likipinduka katika mteremko kati ya Butembo na Beni, wachukueni watoto na kukimbia upande upepo unakotoka, mkiwazuia wenye pikipiki wasiwashe mashine.

Mwisho ni shauri dogo kwa kila dereva: awe na daftari. Jaza tangi mpaka juu, andika kilometa. Ukijaza tena mpaka juu, andika lita ulizotia na kilometa ulizokwenda. Gawanya. Kama saa ya kilometa imekufa, hesabu safari badala yake, mathalani kutoka parkingi mpaka soko na kurudi. Fanya hivyo mwezi mzima kabla ya kumwona fundi, na mwezi mzima baada yake. Dereva asiyejua kuandika ampe mwanawe wa shule kazi hiyo kila jioni. Ukurasa mmoja watosha mwezi.